Utando wa metali kimiminika: jinsi oksidi zenye unene wa atomi chache zinavyopatikana

Tone la galiamu likimwagwa juu ya kioo halikai kama maji wala kama zebaki. Ukilivuta kwa ncha ya sindano linafanya mkia, na ukiondoa sindano mkia unabaki palepale. Metali yenyewe ni kimiminika kabisa, na mvutano wa uso wake ni karibu mara kumi ya ule wa maji, kwa hiyo ilitakiwa ijikunje kuwa duara papo hapo. Kinachoizuia ni utando wa oksidi ulioifunika pande zote, wenye unene wa nanomita moja hadi tatu hivi. Utando huo huota mara metali inapokutana na oksijeni. Hata ndani ya boksi lililojazwa nitrojeni, oksijeni ikizidi sehemu moja kwa milioni, galiamu huvaa utando.

Kwa miaka mingi utando huu ulihesabiwa kuwa kero. Aliyetaka galiamu itiririke vizuri kwenye mfereji mwembamba aliisuuza kwa asidi ya haidrokloriki ili uyeyuke. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha RMIT mjini Melbourne, Australia, wakiwemo Ali Zavabeti, Torben Daeneke na Kourosh Kalantar-zadeh, waligeuza hesabu hiyo kwenye jarida la Science: utando ndio bidhaa, na metali iliyo chini yake ni chombo cha kuutengenezea tu. Wakaonyesha pia kwamba mtu anaweza kuchagua utando uwe wa oksidi gani, jambo lililokuwa zito kuliko utando wenyewe.

Kwa nini oksidi nyingi hazibanduki

Grafini ilipatikana Manchester mwaka 2004 kwa kubandua grafiti kwa selotepu, na mbinu hiyo ilifanikiwa kwa sababu grafiti ni rundo la tabaka. Ndani ya tabaka atomi za kaboni zimefungana kwa nguvu; kati ya tabaka na tabaka, umbali wa nanomita 0.335, kuna nguvu hafifu za van der Waals tu. Oksidi chache zina bahati hiyo. Oksidi ya molibdenamu, MoO3, ni mojawapo, na oksidi ya vanadiamu, V2O5, ni nyingine. Hizo unaweza kuzibandua kwa mkono.

Lakini oksidi ambazo viwanda vinazitaka zaidi, kama alumina, oksidi ya hafniamu, ya galiamu, ya indiamu na ya zinki, hazina tabaka. Kila atomi ya metali imezungukwa na oksijeni upande wa juu, wa chini na wa ubavuni, na vifungo vyote vina nguvu inayokaribiana. Selotepu haina pa kushika. Ukiusaga mwamba wa alumina utapata unga, na ukizidisha kusaga utapata unga laini zaidi. Karatasi hupati.

Hapa inabidi kuondoa utata mmoja. Mtu akisema oksidi ina “unene wa atomi”, hamaanishi atomi moja. Grafini inaweza kuwa atomi moja kwenda chini kwa kuwa imeundwa kwa kaboni peke yake. Oksidi ina angalau metali na oksijeni, na karatasi yake nyembamba kabisa huwa na ngazi mbili, tatu au zaidi za atomi. Kwa hesabu ya kawaida huo ni unene wa nanomita 0.5 hadi 3. Karatasi ya kuandikia ina nanomita kama 100,000. Vilevile si kila utando wa aina hii ni fuwele. Utando wa galiamu unaootea kwenye joto la chumba mara nyingi hauna mpangilio wa fuwele kabisa, ingawa maandishi mengi huuweka kundi moja na fuwele safi za vipimo viwili, yaani zile nyembamba kama karatasi. Kwa kazi ya kuhami umeme, kukosa fuwele si kasoro, pengine ni faida, kwa sababu hakuna mipaka ya chembe ya kuvujisha umeme. Kwa kazi ya kupitisha umeme haraka, ni hasara.

Njia ya Tsukuba: kuvimbisha mpaka tabaka ziachane

Kabla ya metali kimiminika kulikuwa, na bado kuna, njia ya kemia ya maji iliyokuzwa Tsukuba, Japani, na Takayoshi Sasaki na wenzake kuanzia miaka ya 1990. Wazo lake ni hili: kama oksidi unayoitaka haina tabaka, tengeneza kwanza ndugu yake mwenye tabaka.

Kwa oksidi ya titaniamu, kabonati ya sesiamu huchanganywa na TiO2 kwa uwiano wa moli 1 kwa 5.3 na kuchomwa kwenye tanuri nyuzi 800 za Selsiasi kwa saa 20, kisha husagwa na kuchomwa tena. Kinachopatikana ni Cs0.7Ti1.825O4, yenye karatasi za titaniamu na oksijeni na sesiamu iliyolala katikati. Unga huo huwekwa kwenye asidi ya haidrokloriki ya moli 1 kwa lita kwa siku tatu, asidi ikibadilishwa kila siku, ili haidrojeni ichukue nafasi ya sesiamu. Asidi ile ile ya jana haifai, kwa kuwa sesiamu iliyokwisha kutoka inashindana kurudi ndani, na kazi inakwama njiani.

Ndipo huingizwa kemikali ya kuvimbisha, haidroksidi ya tetrabutiliamoniamu. Ioni zake ni nene, hivyo zikijipenyeza kati ya tabaka zinazisukuma mbali. Hapa wengi hukosea kwa kudhani dawa ikiongezwa sana kazi itakwenda upesi. Sivyo. Dawa ikiwa nyingi mno kulingana na haidrojeni iliyomo, unga huvimba tu: tabaka hukaa mbali kwa makumi ya nanomita lakini zikiwa bado zimepangana kwa zamu, kama jeli. Kiasi kinachofaa ni karibu ioni moja ya dawa kwa haidrojeni moja, kwenye maji mengi, gramu 0.4 za unga kwa mililita 100, na mtikiso wa taratibu kwa takriban siku kumi. Mwenye haraka akitumia mawimbi makali ya sauti atapata karatasi, ila zitakuwa zimevunjikavunjika.

Kinachobaki majini ni karatasi za Ti0.91O2. Hiyo 0.91 inaeleza mengi. Kati ya kila nafasi mia za titaniamu, karibu tisa ziko wazi, na kwa kuwa kila titaniamu iliyokosekana ilikuwa na chaji chanya nne, karatasi nzima inabaki na chaji hasi ya 0.36 kwa kila kipande cha fomula. Chaji hiyo ndiyo inayozifanya zielee bila kushikana, na ndiyo inayowezesha kuzipanga juu ya kioo: unachovya kioo kwenye polima yenye chaji chanya, unasuuza, unachovya kwenye maji ya karatasi, unasuuza, unarudia. Kila mzunguko unaongeza tabaka moja. Kwa njia ya jumla kama hiyo kundi la Tsukuba lilipata pia karatasi za niobati ya kalsiamu, Ca2Nb3O10, ambazo filamu zake hubaki na kizio cha dielektriki (kipimo cha uwezo wa kihami kuhifadhi chaji) cha zaidi ya 200 hata zikiwa na unene wa chini ya nanomita 10.

Njia hii ni nzuri na imekomaa, lakini kikwazo chake hakiondoki: lazima awepo ndugu mwenye tabaka. Kwa hafniamu na alumini hayupo.

Nani anashinda juu ya uso

Utando juu ya galiamu hautofautiani sana na ule unaofunika maziwa yaliyochemshwa: unajitanda juu ya kimiminika chote, na ukigusisha kijiko kwa upole unakishika na kunyanyuka. Ila huu wa metali una tabia mbili ambazo ndizo msingi wa mbinu yote.

Ya kwanza ni kwamba unajiwekea kikomo cha unene. Maelezo yake yalitolewa na wanafizikia Nicolás Cabrera na Nevill Mott mwishoni mwa miaka ya 1940. Elektroni kutoka kwenye metali hupenya utando mwembamba na kunaswa na oksijeni iliyotua juu. Uso wa juu unakuwa hasi, metali chini inakuwa chanya, na katikati kunazuka uga wa umeme. Volti moja hivi ikigawanywa kwa nanomita moja inatoa volti bilioni moja kwa mita. Hewa ya kawaida huvunjika na kutoa cheche kwenye volti milioni tatu kwa mita. Uga mkali namna hiyo huzivuta ioni za metali kupita kwenye oksidi hata kama joto ni dogo. Kadiri utando unavyonenepa, volti ileile inagawanywa kwa umbali mrefu zaidi, uga unalegea, na kufikia nanomita chache ioni hazina tena nguvu ya kupita. Ukuaji unasimama wenyewe, kwa unene unaokaribiana uso mzima. Joto likipanda, ioni hupata msaada na kikomo kinasogea juu. Ndiyo sababu wanaochapa utando wa galiamu hawapandishi joto bila sababu.

Tabia ya pili ni ushindani. Galiamu ikichanganywa na metali nyingine, oksidi inayotawala usoni ni ile inayoshusha zaidi nishati huru ya Gibbs, yaani ile ambayo kuundwa kwake kunapendelewa zaidi na kemia. Ukihesabu kwa kila moli ya atomi za oksijeni, oksidi ya galiamu hushusha kilojuli 333, ya indiamu 277, ya bati 258. Ndiyo maana aloi ya galiamu, indiamu na bati, iliyo maarufu maabara kwa sababu hubaki kimiminika kwenye joto la chumba, hufunikwa na utando ambao ni oksidi ya galiamu karibu yote, ingawa theluthi ya aloi si galiamu.

Sasa angalia upande wa pili: alumini hushusha kilojuli 527, hafniamu 544, gadoliniamu karibu 575. Ukiyeyusha asilimia moja tu ya hafniamu kwa uzito ndani ya aloi hiyo, hafniamu hushinda: ioni zake zikifika usoni huchukua oksijeni, na utando unakuwa wa oksidi ya hafniamu. Huo ndio ugunduzi wa mwaka 2017. Kwa aloi tatu, kundi la Melbourne lilipata karatasi za oksidi ya hafniamu zenye takriban nanomita 0.6, za gadoliniamu karibu 0.5 na za alumini karibu 1.1, zote kwenye joto la chumba.

Orodha hiyohiyo inakuambia nini hakitawezekana. Nikeli iko kwenye 212 na shaba chini ya 150, kwa hiyo utafutie utando wa shaba kwenye kiyeyusho kingine, si galiamu. Zinki nayo ina 320 dhidi ya 333 za galiamu. Tofauti ndogo namna hiyo isikufanye utegemee jedwali peke yake, kwa kuwa hesabu hizi ni za oksidi nene iliyotulia, na utando wa nanomita moja unaoota ndani ya sekunde una mambo yake. Pia metali ya kuongezwa sharti ikubali kuyeyuka ndani ya galiamu walau kidogo. Alumini hukubali mno, ilimradi ngozi yake ya oksidi ikwanguliwe kwanza. Kazi ya kuchanganya hufanywa ndani ya boksi la nitrojeni, la sivyo kijenzi chako chote kitaungua kuwa oksidi kabla hakijayeyuka na utabaki na tope la kijivu.

Kuchapa kwa mguso

Tuchukue galiamu tupu, kwa kuwa ndiyo rahisi kuanza nayo. Inayeyuka kwenye nyuzi 29.76, kwa hiyo mchana wa Dar es Salaam huenda ikayeyuka mezani yenyewe. Hata hivyo pasha jiko bapa la maabara hadi nyuzi 50 ili isigande katikati ya kazi. Kama uso wa jiko ni wa alumini, weka kipande cha kioo juu yake. Galiamu hujipenyeza kwenye mipaka ya chembe za alumini na kuifanya ivunjike kama biskuti, na hili si jambo la nadharia: koleo la alumini huharibika kwa tone moja.

Kipande cha kupokea utando ni silikoni yenye oksidi ya nanomita 300 juu, kwa sababu unene huo unatoa tofauti ya rangi inayosaidia kuuona utando chini ya hadubini ya mwanga. Kioshwe kwa asetoni, kisha isopropanoli, kisha maji yaliyoondolewa ioni, na kikaushwe kwa nitrojeni. Kikipitishwa kwenye plazma ya oksijeni kwa muda mfupi kunata kunaongezeka. Kisha nacho kipashwe kwa nyuzi zilezile 50. Kipande baridi kikigusishwa tone la moto, tone linaganda pale lilipogusa, na kwa kuwa galiamu ina kawaida ya kutanuka kwa asilimia kama tatu inapoganda, utando unapasuka.

Tone la milimita 4 linatosha. Utando ulioko juu yake wakati huo ni wa zamani na umekunjamana, haufai. Uondoe kwa kuburuta ukingo wa kioo juu ya tone au kwa kuligusisha kipande cha kutupa. Uso unang'aa upya na utando mpya unaota karibu papo hapo. Sasa shusha kipande chako kwa wima, kiguse tone bila kulibonyeza sana, kisha kiinue kwa wima vilevile. Utando unabaki kwenye kipande na metali inarudi chini. Mbinu nyingine ni kulibana tone kati ya vipande viwili na kuvitenganisha. Vyote viwili hupata utando, na eneo huwa kubwa zaidi.

Kwa nini utando ukubali kuhama? Kwa sababu kati ya utando na metali kimiminika hakuna mshikamano mkubwa, wakati kati ya utando na kioo laini kuna nguvu za van der Waals zinazofanya kazi kwenye eneo lote lililogusana. Neno lenye uzito hapo ni “laini”. Kipande chenye mikwaruzo ya nanomita kadhaa kitagusana na utando kwenye vilele tu, na utando utachanika kwenye mabonde.

Sasa matatizo. Lililo kubwa kuliko yote ni matone madogo ya metali yanayobaki juu ya utando. Kila tone likiachwa hewani linajivika utando wake na kunata, kwa hiyo usafishaji usicheleweshwe. Kipande hutumbukizwa kwenye ethanoli iliyopashwa karibu na kuchemka, nyuzi 78, na kufutwa polepole kwa pamba laini. Metali ikiwa bado kimiminika huteleza na kuondoka, utando unabaki. Ethanoli ya moto na moto wa wazi havikai chumba kimoja, hilo lieleweke. Anayeshawishika kutumia asidi ya haidrokloriki ataondoa metali na utando kwa mpigo, kwa kuwa oksidi ya galiamu huyeyuka humo. Kwa utando wa indiamu hutumika mmumunyo wa iodini na iodidi, ambao hula metali na kuiacha oksidi.

Tatizo lingine ni utando wa mara mbili. Tone likiteleza pembeni wakati wa kuinua, upande mmoja huacha tabaka moja na mwingine mbili, na kipimo cha unene kinakupa thamani mbili, moja ikiwa kama maradufu ya nyingine. Ukiona hivyo usidhani mashine imeharibika. Mikunjo hutokana na kubonyeza tone: uso wake unatanuka kisha unasinyaa na utando hauna pa kwenda. Unyevu nao unaharibu kimyakimya, kwani galiamu ikikaa na maji huelekea kutengeneza oksihidroksidi, GaOOH, badala ya Ga2O3. Maabara iliyo karibu na bahari ambayo haina kipima unyevu itapata matokeo ya Julai yasiyofanana na ya Aprili.

Metali nyingine hufuata utaratibu uleule kwa joto tofauti. Indiamu huyeyuka kwenye nyuzi 156.6, bati 231.9, bismuthi 271, zinki 419.5. Bati lina jambo lake la kupendeza: oksijeni ikiwa nyingi linatoa SnO2, lakini ikibanwa ndani ya boksi linatoa SnO, ambayo hupitisha umeme kwa mashimo chanya, yaani nafasi zilizoachwa wazi na elektroni, badala ya elektroni zenyewe. Bati linalochimbwa Kyerwa mkoani Kagera au Walikale, Kivu Kaskazini, hutoka ardhini likiwa kasiteraiti, yaani SnO2 hiyohiyo, kwa mabonge.

Anayehitaji karatasi nyingi zinazoelea badala ya moja iliyobandikwa hutumia mapovu. Metali kimiminika huwekwa chini ya mrija, maji juu yake, na hewa hupulizwa polepole kutoka chini. Ndani ya kila povu metali inaota utando, povu likipasuka kwenye mpaka wa maji linaacha utando majini. Matone ya metali huja nayo, hivyo maji huzungushwa kwenye mashine ya kutenganisha na yale ya juu ndiyo huchukuliwa. Ukubwa wa karatasi hauko sawa, na kwa vifaa vya elektroniki njia hii haifai sana. Kwa vichocheo vya kemia na vihisi gesi inatosha.

Kupima kitu chenye nanomita moja

Chombo cha kawaida ni hadubini ya nguvu za atomi, inayopitisha ncha ya sindano juu ya ukingo wa utando na kusoma ngazi. Tatizo ni kwamba ngazi inayosomwa si ya oksidi peke yake. Karatasi ya titaniamu ya Tsukuba kwa muundo wake wa fuwele ina nanomita kama 0.75, lakini hadubini husoma 1.1 hadi 1.2, kwa sababu ya maji yaliyonaswa juu na chini. Kosa la nanomita 0.4 kwenye filamu ya nanomita 100 halina maana. Hapa ni nusu ya unene wote. Kwa hiyo ripoti inayodai unene kwa kipimo kimoja cha hadubini hii, bila picha ya mkato wa hadubini ya elektroni au hesabu ya fuwele, isomwe kwa tahadhari.

Kujua ni oksidi ya nini hutumika miali ya eksi inayong'oa elektroni usoni. Swali la kuuliza kwenye matokeo hayo ni kama kuna kilele cha metali isiyooksidishwa. Kikiwepo, matone hayakufutwa vizuri, na kila kipimo cha umeme kilichofuata kimebeba uchafu huo.

Zinafaa kwa kazi gani

Geti ya transista, yaani sehemu inayoiwasha na kuizima, hutenganishwa na njia ya umeme kwa kihami. Kwa miongo mingi kihami hicho kilikuwa oksidi ya silikoni, yenye kizio cha dielektriki cha 3.9, nacho kilipunguzwa hadi nanomita 1.2 hivi. Hapo elektroni zikaanza kupenya, chipu zikawa zinapasha joto hata zikiwa hazifanyi kazi. Mwaka 2007 Intel ilihamia kwenye kihami cha hafniamu. Ukichukua kizio cha 20, nanomita 6 za oksidi ya hafniamu hufanya kazi ya nanomita 1.2 za oksidi ya silikoni, kwa kuwa 6 mara 3.9 gawa kwa 20 ni 1.17, na elektroni haipenyi nanomita 6 kirahisi. Kwenye chipu hizo kihami hujengwa ngazi kwa ngazi ndani ya chemba za gharama kubwa. Utando wa hafniamu uliochapwa kwa mguso hauji kuzing'oa chemba hizo kesho, na atakayekuambia hivyo anauza kitu. Mahali pake pa kweli ni juu ya nyenzo nyingine za vipimo viwili, kama salfidi ya molibdenamu, ambazo uso wake hauna mikono ya kikemia ya kuanzishia ukuaji. Utando uliokwisha kuumbika hubandikwa tu.

Kwa skrini za kugusa, kundi la RMIT lilichapisha mwaka 2020 kwenye Nature Electronics oksidi ya indiamu na bati yenye nanomita 1.5, iliyopatikana kwa kuyeyusha aloi ya metali hizo kwenye nyuzi 200. Inafyonza asilimia 0.7 tu ya mwanga, wakati kioo cha kawaida cha skrini hufyonza asilimia 5 hadi 10, na inakunjika bila kupasuka. Lakini ukinzani wake ni kiloomu 5.4 kwa mraba. Filamu ya kawaida, iliyo nene mara mia, huwa na omu makumi. Kwa kihisi cha kidole ukinzani wa juu unaweza kuvumilika; kwa paneli ya jua, ambako mkondo mkubwa lazima upite, hauvumiliki, na tabaka zitabidi zipangwe juu kwa juu mpaka ile faida ya uwazi ianze kuliwa.

Mwaka 2021 ikaja oksidi ya teluriamu, TeO2, kutoka kwenye mchanganyiko wa teluriamu na seleniamu, ikiwa na wepesi wa mashimo chanya (urahisi wao wa kusafiri) wa sentimita za mraba 232 kwa volti-sekunde kwenye joto la chumba. Namba hiyo iliwashtua watu wa fani kwa sababu oksidi nyingi zinazopitisha umeme hupitisha kwa elektroni tu. Oksidi yenye mashimo mepesi ndiyo iliyokosekana ili kujenga jozi kamili ya transista zinazoonekana kama kioo. Wepesi ule ulipimwa kwenye vifaa vidogo vya maabara, na kuupata uleule juu ya kisahani kizima cha silikoni ni kazi nyingine.

Metali yenyewe si kikwazo, japo galiamu hupatikana kama zao la pembeni la kusafisha boksiti, kwa sehemu kubwa China, ambayo Agosti 2023 iliweka masharti ya kuiuza nje. Sentimita moja ya mraba ya Ga2O3 yenye nanomita 1.5 ina galiamu ya mikrogramu 0.66. Tone la milimita 4 lina gramu 0.2. Kwa hesabu tupu tone hilo lingeweza kufunika mita za mraba 30. Kinachoamua gharama ni mkono unaofuta matone yaliyobaki, na bado hakuna mashine iliyozoeleka viwandani inayofanya kazi hiyo juu ya kisahani cha milimita 300 bila kuchana utando.